Kati ya Kituo na Mlango

Mkazi wa Dar es Salaam ukimuuliza anakaa wapi, atakujibu kwa jina la kituo. Kimara Suca, atasema, au Mbezi kwa Yusufu, Tegeta kwa Ndevu, Mbagala Rangi Tatu, Tabata Bima. Hataji mtaa wa serikali wala namba ya nyumba, na aliyeuliza huridhika, maana kituo kimeshamwambia gari la kupanda na muda wa kufika. Asichoambiwa ni kinachofuata baada ya kushuka: kama ni mwendo wa dakika tano kwa miguu, au bodaboda ya kupanda na kushuka vilima viwili, au kijito ambacho mwezi Aprili hakivukiki. Nimezifuata barabara kuu nne zinazotoka katikati ya jiji hili, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa, nikavuka na maji kwenda Kigamboni, kwa nia ya kuvilinganisha vitongoji kama mahali pa kuishi. Nimerudi na hoja moja. Kilomita za kutoka Posta, jina la eneo na bei ya kiwanja, vyote vitatu, vinamweleza mtu machache kuliko anavyodhani. Kinachofanya mahali pakalike ni kile kipande cha mwisho kilichoko kati ya lami na mlango wa nyumba: urefu wake, upana wake, mteremko wake, na kama kuna mtu aliyekitenga kabla nyumba hazijajengwa.

Swali lenyewe linawagusa wengi. Mwaka 2002 mkoa huu ulikuwa na watu karibu milioni 2.5. Mwaka 2012 walihesabiwa 4,364,541, na sensa ya 2022 ikakuta 5,383,728. Kwa asilimia, kasi ya ongezeko imeshuka sana, na wapo wanaolichukua hilo kama dalili kwamba jiji limeanza kutulia. Wangetazama jirani. Mkoa wa Pwani, unaolizunguka jiji upande wa nchi kavu, ulitoka watu 1,098,668 mwaka 2012 hadi 2,024,947 mwaka 2022. Si wote waliotokea Dar, lakini anayepita Mapinga, Maili Moja ya Kibaha au Vikindu haoni jiji linakomea wapi. Maduka ya saruji, mabati na nondo yanaendelea mpaka ng'ambo ya mpaka wa mkoa, na kila penye nafasi pana tofali zimepangwa zikisubiri mwenye nyumba apate fedha ya msingi. Watu hawajaacha kuja. Wamekwenda mbali zaidi na lami.

Vipimo vya zamani vilikuwa na sababu zake. Wajerumani kwanza, kisha Waingereza, walipanga kanda za ujenzi zilizowatenga watu kwa rangi, na lugha ya mjini ikazipa majina ambayo bado yanafanya kazi: Uzunguni kwa Oysterbay na baadaye Masaki, Uhindini kwa Upanga na Kisutu, Uswahilini kwa Kariakoo, Ilala na kila kilichofuata. Jina lilikuwa na maana kwa sababu kila kanda ilikuwa na kanuni zake za ujenzi na huduma zake. Leo dalali anauza jina hilohilo hata pale ambapo huduma haipo. Atakwambia nyumba iko Mbezi Beach kumbe iko juu kule kuelekea Goba, au iko Mikocheni kumbe umeshaingia vichochoroni. Na kwa kuwa mpangaji hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, pamoja na mwezi mmoja wa dalali, kugundua tofauti baada ya kuhamia ni gharama kubwa.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa hoja yangu uko karibu na mjini, na una umri wa nusu karne. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Sinza na Kijitonyama ilipima viwanja vya watu wa kipato cha kawaida, ikachora barabara na njia za maji, kisha ikawaachia wananchi wajenge wenyewe kwa kadiri ya uwezo wao. Manzese, ambako watu walikuwa wameshajenga, iliingiza barabara chache, maji na taa katikati ya nyumba zilizokuwapo. Programu zote mbili zilikuwa za watu wa chini, na maeneo yenyewe yanatazamana. Kutoka Manzese Darajani mpaka Shekilango ni mwendo wa miguu, na umbali wao kutoka Kariakoo haupishani sana. Kama kilomita ndizo zingekuwa hakimu, maeneo haya mawili yangelingana.

Ingia sasa ukayatazame. Sinza barabara za ndani zinakatana kwa pembe, na hata pale ambapo lami imechimbika, gari la taka linaingia, gari la zimamoto linaingia, gari la kunyonya majitaka linasimama getini na kutoa bomba lake. Nyumba zilizoanza na vyumba vinne vya tofali za saruji zimepandishwa ghorofa, mbele pakafunguliwa duka la dawa au saluni, nyuma vikajengwa vyumba vya kupangisha. Haya yamewezekana kwa sababu lori la mchanga linafika. Manzese kuna mitaa ambamo watu wawili wakikutana mmoja hugeuza bega ampishe mwenzake. Msiba ukitokea, jeneza hubebwa begani mpaka barabarani ambako gari linasubiri. Moto ukishika, zimamoto hubaki kwenye lami na majirani hupambana kwa ndoo. Choo kikijaa, gari la kunyonya halifiki, na ndiyo asili ya ule mtindo ambao kila mtu wa mabondeni anaujua: kusubiri mvua kubwa ili kukitapisha kwenye mkondo unaopita. Anayetapisha si mchafu kuliko jirani yake wa Sinza. Njia ya gari haikuachwa mwaka ule ilipokuwa rahisi kuiacha, basi.

Mtu makini atapinga hapa kwamba Sinza imependeza kwa sababu wenye fedha wameinunua, na kwamba ninaihesabia njia sifa za mifuko yao. Ni kweli wenye kipato na elimu wameongezeka huko. Lakini walivutwa na nini, ikiwa si viwanja vilivyopimwa na njia zinazopitika? Wapo wachumi waliofuatilia programu hizo katika miji saba ya Tanzania, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba baada ya miongo kadhaa maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa yalikuwa na nyumba bora kuliko yale yaliyoboreshwa baada ya kujengwa. Manzese ilitumiwa fedha, tena nyingi. Ila fedha inayokuja nyuma ya nyumba hutumika kubomoa na kulipa fidia, na penye fidia njia hupindishwa ikapunguzwa upana. Sinza nayo ina maudhi yake, kubwa likiwa kelele za baa, na anayependa kulala saa tatu usiku asiende kupanga pale kwa ushahidi wangu.

Barabara ya Morogoro ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi lami nzuri inavyoweza kumdanganya mtu. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016, mfumo wa kilomita 20.9 wenye mwisho wake Kimara. Upande wa pili wa hapo, Kimara mpaka Kibaha, barabara imepanuliwa kwa kilomita 19.2, na Mbezi Luis pakajengwa kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilichoanza kazi mwaka 2021. Kwa karatasi hakuna ukanda uliobahatika zaidi. Lakini Kimara imejengwa juu ya vilima vya udongo mwekundu, na watu wengi wanaosema wanakaa Kimara wanakaa ng'ambo ya makorongo, Bonyokwa, Mavurunza, Saranga, Golani, kwenye migongo ya vilima ambayo kutoka kituoni inaonekana karibu kwa macho. Pale kituoni kijiwe cha bodaboda kimejaa: vijana wamekaa ubavu juu ya pikipiki, kofia ngumu zimening'inizwa kwenye vioo. Mchana bei inajadiliwa. Jioni ya mvua haijadiliwi, na baadhi ya njia hazipandwi kabisa; dereva anakwambia mapema kwamba atakuacha kwenye kona na mwendo uliobaki ni wako. Mitaa yenyewe inapambana. Kuna kundi la simu la mtaa, kuna michango ya kifusi, kuna viroba vya mchanga vilivyopangwa ili maji yasile ukingo, kuna siku ya kukodi greda. Masika ikipita, michango inaanza upya.

Hapo ndipo hesabu inapohitajika, maana pingamizi linalosikika zaidi ni la unafuu: huko ndani kodi ni ndogo na kiwanja ni cha bei ya kujinyima tu. Tuchukue mfano wa nyumba yenye watu wawili wanaokwenda kazini siku 26 kwa mwezi, na bodaboda ya sh 1,000 kwenda na sh 1,000 kurudi. Kila mmoja anatumia sh 52,000, wote wawili sh 104,000, kabla hawajalipa nauli ya gari lenyewe. Hapo sijamhesabu mtoto anayesoma, wala gunia la mkaa, wala mtungi wa gesi, wala jioni ile ya mvua. Fedha hiyo huwa haionekani kwa kuwa inatoka vipande vipande, na mwenye nyumba hajaiandika kwenye mkataba. Lakini ni kodi ya pili, na kwa nyumba nyingi inameza tofauti yote iliyomfanya mtu akimbilie ndani. Kuna pia saa ambazo hazilipwi. Abiria wa jioni anayetoka Kariakoo au Posta mara nyingi hupanda gari linalokwenda upande asiokwenda, akageuza nalo mpaka mwanzo wa safari ili apate kiti, analipa mara mbili na anapoteza nusu saa. Akishuka amechoka hivyo, kilomita mbili za giza ni nyingi.

Lakini kuukaribia sana mwili wa barabara nako kuna hatari zake, na nisingependa hoja yangu ieleweke kwamba mtu ajenge dirisha likigusa lami. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara na Mbezi zilivunjwa ili kupisha upanuzi, kwa maelezo kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Wapo waliokuwa wameishi hapo miaka mingi, wana umeme, wana maji, wanalipa kodi ya majengo. Alama ya X nyekundu ukutani imekuwa sehemu ya mandhari ya barabara kuu za nchi hii, kama ilivyo ile ya NYUMBA HII HAIUZWI kwenye kuta za vitongoji vingi, ambayo mwenye mali huiandika ili kuwazuia matapeli wasiiuze akiwa safarini au familia isigawane nyuma yake. Maandishi yote mawili yanasimulia upungufu uleule: ardhi imekaliwa bila ramani inayokubalika na wote. Mahali pazuri ni nyuma ya hifadhi, mwendo mfupi wa miguu, kwenye njia ambayo mpimaji aliiwekea mawe yake.

Pingamizi la pili ni la subira. Nunua leo, wanasema, barabara itakuja. Goba ndiyo shahidi wao mkuu, na ni shahidi mzuri. Eneo lililokuwa la mashamba ya mihogo na mikorosho limeunganishwa kwa lami na Mbezi Luis upande mmoja, Tangi Bovu upande mwingine, Makongo mpaka Chuo Kikuu, na Madale mpaka Wazo, zote zikiwa sehemu ya mpango wa kupunguza foleni katika barabara kuu. Aliyenunua mapema amefaidi. Ila tazama kilichotokea mara tu unapoiacha lami hiyo. Watu walishagawana mashamba kwa hatua, kila mmoja akazungusha fensi mpaka alipoweza, na njia iliyobaki katikati ni ile ambayo hakuna aliyeidai. Magari mawili yakikutana moja hurudi nyuma mpaka kwenye geti la mtu. Maji ya mvua, yakiwa hayana mtaro, yanaifanya njia hiyo kuwa mtaro. Kwa hiyo barabara imekuja kweli, na imefika kituoni. Kipande cha mwisho hakuna serikali itakayokileta bila kuvunja kuta za watu walewale wanaokililia.

Na si kila Goba hupata lami yake. Kigamboni ilitangazwa kuwa mji mpya mwaka 2008. Kwa miaka wakazi walizuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri mpango ambao hatimaye uliachwa, na waliouziwa matumaini ya mji huo walibaki na kichaka. Kilichoibadilisha Kigamboni ni kitu cha kushikika: daraja la mita 680 lililofunguliwa Aprili 2016, lenye tozo kwa vyombo vya moto, likisaidiana na pantoni la Magogoni ambalo lilikuwa limewavusha watu miaka mingi kabla ya hapo. Hata hivyo ndani ya Kigamboni tofauti kubwa haitokani na daraja. Kibada, Kisota na Gezaulole zilikuwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, pamoja na Tuangoma, Mbweni, Bunju na Buyuni, na mpaka leo ukiingia Kibada unahisi mkono wa aliyechora: njia pana, viwanja vilivyonyooka, nafasi za shule na masoko hata zile ambazo bado ni majani. Sehemu za jirani ambazo hazikupimwa ziko umbali uleule na daraja, zinalipa tozo ileile, na zinakalika kwa shida zaidi. Lawama ya mradi ule ni kwamba viwanja viliwafikia zaidi wenye uwezo, na vingi vikakaa miaka bila kujengwa. Ni lawama ya haki. Ila inahusu nani aliuziwa, na dawa yake ni kupima viwanja vingi zaidi na vidogo zaidi, kama vilivyokuwa vya Sinza.

Upande wa Bagamoyo unanilazimisha kuongeza sharti. Tegeta, Boko na Bunju zina lami nzuri, hewa ya bahari, na bomba kuu la Ruvu Chini linapita huko likielekea mjini. Lakini Boko na Basihaya mvua kubwa zinapokuja, nyumba za ghorofa zenye mageti ya umeme hukaa ndani ya maji, kwa kuwa mikondo ya asili imezibwa na kuta na maji hayana pa kwenda. Kwenye mito ya Mbezi na Tegeta uchimbaji wa mchanga umepanua kingo mpaka nyumba zilizojengwa mbali na mto zimejikuta ukingoni. Basi njia ya kuangalia ni mbili: ya watu na ya maji, na ya maji haina foleni wala haikubali kupindishwa. Mtu anayetazama kiwanja Januari au Septemba anatazama nusu ya kiwanja.

Huko huko kaskazini kuna Mabwepande, ambayo wanaonipinga wanaweza kuitumia dhidi yangu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaua watu wapatao 40, na waliokuwa wakiishi Bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande, nyuma ya Bunju, kwenye viwanja vilivyopimwa. Kwa kipimo changu walipata maisha bora. Baadhi yao waliviacha viwanja wakarudi mjini. Sababu ni kwamba kibarua, soko na wateja wao walikuwa Kariakoo, Magomeni na Feri, na nauli ya kwenda na kurudi ilikula mapato yote ya siku. Nalikubali funzo hilo. Kwa mchuuzi anayedamka saa tisa usiku kufuata samaki Feri, chumba cha Manzese chenye kichochoro cha mita moja kinamfaa kuliko kiwanja cha Mabwepande, kwa sababu kipande chake cha mwisho ni kifupi na anakitembea bure. Lakini hilo halinihamishi kwenye kipimo. Linasema kipimo kianze na miguu ya mtu husika na kazi yake, kabla ya gari. Wala halibadilishi kitu kuhusu moto, jeneza na choo.

Barabara ya Kilwa na ile ya Pugu nitazipita haraka, si kwa kuzidharau, maana ndiko waliko watu wengi, ila yanayoonekana huko yanarudia yaliyokwisha semwa. Mbagala ilijengewa njia za mwendokasi kabla ya kuwa na mabasi ya kupita juu yake, na kwa muda mrefu wakazi wa Rangi Tatu waliziangalia zege safi huku wakibanana kwenye daladala za zamani. Ukivuka kuelekea Kijichi na Tuangoma, upimaji unarudi na hali inabadilika ndani ya kilomita chache. Gongo la Mboto na Pugu ziko mbali kwa barabara, lakini zina reli. Treni ya jiji ilianza Oktoba 2012, ikaitwa treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa wakati ule, na inaonyesha kwamba umbali ukiwa na ratiba si adui mkubwa. Adui anasubiri stesheni, abiria wanapotawanyika gizani kila mmoja na njia yake.

Limebaki pingamizi la mwenye gari. Huyu husema haya yote hayamhusu: ana gari la kupita popote, ana kisima, ana tangi la lita elfu tano, ana paneli za jua juu ya bati. Anachotaka ni ukimya, na ukimya uko ndani. Namwelewa. Lakini nyumba haikaliwi na dereva peke yake. Dada wa kazi anakwenda sokoni kwa miguu. Fundi wa friji anadai nauli ya kuingia na kutoka. Mtoto akifika darasa la sita hataki kupelekwa tena, na akifika kituoni na sare konda anamzuia mlangoni mpaka watu wazima wajae, hivyo amechelewa nyumbani, na jua limezama, na njia ni ileile. Hata maji hayamwachi. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgawo, visima vya baadhi ya maeneo vilitoa maji ya chumvi na watu wakategemea maboza. Boza la lita elfu kumi halipandi korongo. Waliopata maji mapema walikuwa wale ambao lori lingeweza kugeuza mbele ya nyumba yao. Na siku mzee wa nyumba atakapobanwa na kifua usiku, gari la wagonjwa litaulizia njia kwa simu, na maelezo ya pinda kwenye mwembe, ukiona banda la kuku kata kushoto, hayafai kwa saa hiyo.

Uamuzi wangu basi ni huu. Kwa mpangaji mwenye kazi mjini, Sinza, Kijitonyama na sehemu za Tabata zilizo karibu na lami zina thamani kuliko kodi zake zinavyoonyesha, na chumba kidogo huko ni bora kuliko nyumba nzima ya Saranga. Kwa mwenye fedha ya kiwanja, Kibada, Tuangoma na Bunju iliyopimwa zinaipita Goba, pamoja na sifa zote za Goba. Kimara ni nzuri kwa anayeweza kurudi nyumbani kwa miguu kutoka kituoni, na ni ghali mno kwa asiyeweza. Boko sitamshauri mtu mpaka aione Aprili. Asiyeniamini aende mwenyewe siku ya kazi, ashuke kituoni saa moja jioni, atembee mpaka mlangoni bila kuchukua bodaboda, tena wakati wa masika, kabla hajamlipa dalali hata shilingi.

Na kwa halmashauri za Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo nina ombi. Mashamba ya mikorosho na minazi yanauzwa hivi sasa kwa vipande vya ishirini kwa ishirini, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, na katika mkataba ule njia haitajwi. Wekeni mawe ya barabara na ya mitaro kwanza, hata kama lami yenyewe itafika baada ya miaka thelathini. Kabla ya msingi wa kwanza kuchimbwa, kazi hiyo inamhitaji mpimaji na siku chache tu; baada ya hapo inahitaji tingatinga, mahakama na fidia.